Kutu ya Koplo Patrobas

"Hakuna kitu duniani," Githinji alipenda kusema, "ambacho nikikitazama mara moja siwezi kukwambia bei yake. Na kama ni feki, nakwambia hata fundi alikula nini siku hiyo."

Aliyasema haya kila mahali: kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji, hata mazishini, ambako siku moja alilikagua jeneza akamnong'oneza mfiwa kwamba amepunjwa elfu nne. Na watu walimwamini. Ukimwona Githinji wa Komarock na shati lake lililopigwa pasi hadi mkunjo unaweza kukata nyanya, na miwani isiyo na nguvu yoyote zaidi ya ile ya kutisha wateja, unaona kabisa kwamba mtu huyu amesomea kitu fulani mahali fulani. Alithamini sofa, friji, magari yaliyogongwa, na siku moja alithamini mbuzi wa mahari, akala mguu mmoja kama ada.

Sasa mnisikilize niwaambie jinsi mtu huyo alivyowekewa vitu viwili mbele yake, mchana kweupe, akavitazama kwa macho yote mawili na miwani juu, kisha akaondoka na kile kibovu.

Yalianza Jumanne asubuhi katika kibanda cha chai cha Norah, pale mtaani Ziwani. Githinji alikuwa amekaa pembeni na mandazi yake. Mbele yake mama mmoja alikuwa amesimama na barua mkononi, akimlalamikia Norah kwa sauti ya mtu anayetaka kibanda kizima kimsaidie.

"Wanataka thamani ya bima," alisema. "Mimi nitajulia wapi bei ya bastola, Norah? Nikaulize soko la Gikomba?"

Githinji akayaweka mandazi chini yakiwa nusu. Wanaomjua wanasema hilo hutokea kama mara mbili kwa mwaka.

Mama huyo alikuwa Kageha, ambaye Ziwani yote humwita Mama Mitchelle. Baba yake, Koplo Patrobas, alichukuliwa jeshini akiwa kijana, akapelekwa Habeshi mwaka wa 1941 kupigana na Waitaliano. Alirudi na vitu vitatu: kikohozi, karatasi ya kuachishwa kazi, na bastola ya afisa mmoja wa Kitaliano aliyejisalimisha kwake huko Gondar. Bastola yenyewe ni ya zamani hata kwa vita vile. Ilitengenezwa mwaka wa 1912, na hazikutengenezwa nyingi. Miaka mingi iliyopita mafundi wa serikali waliuziba mtutu wake kwa chuma na kumwandikia mzee barua kwamba sasa hiyo ni kumbukumbu tu, haiwezi kuua hata mende.

Na sasa jumba moja la makumbusho lilikuwa linaandaa maonyesho ya askari Waafrika wa vita vile. Walitaka kuiazima bastola kwa miezi sita. Wangeiweka ndani ya kioo, na chini yake kadi yenye jina: Koplo Patrobas. Lakini kila kitu cha kuazimwa lazima kikatiwe bima, na mwenyewe lazima alete ripoti ya thamani. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo orodha inafungwa.

"Miaka themanini, Norah," Kageha alisema, na sauti ikapungua kidogo. "Jina la baba yangu halijaandikwa mahali popote isipokuwa kwenye risiti za nyumba. Hata kaburini mvua ilifuta."

Hapo ndipo Githinji aliposimama, akafuta makombo kwenye tai.

"Samahani mama. Sikutaka kusikiliza mambo yenu, lakini masikio hayana mlango. Umesema bima?"

"Nimesema. Kwani wewe ni mtu wa bima?"

"Hapana, mama. Mimi ni mthamini. Watu wa bima huniogopa."

Norah alicheka puani, lakini Kageha hakucheka. Mtu aliye na siku tatu hachagui malaika wa kumtuma.

Nusu saa baadaye Githinji alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni katika nyumba ya Kageha, na sanduku la bati likavutwa kutoka chini ya kitanda. Ndani ya foronya ya mto kulikuwa na bastola. Ilikuwa ya rangi ya kahawia iliyokolea, kutu imeishika mwili mzima kama upele, na vibao vya mpini vyeusi kwa jasho la watu waliokwisha kufa. Githinji hakuwa amewahi kushika bastola maishani. Aliishika kama mtu anayeshika mtoto wa bosi, akaigeuza mara mbili, akasema "Mmh," halafu akaomba kwenda msalani.

Alikaa humo dakika kumi na mbili na simu yake. Aliingia akiwa Githinji, akatoka mtaalamu wa silaha za kale.

"Mama," alisema, na sasa sauti ilikuwa ya kanisani. "Hii umewahi kuisafisha?"

"Hapana. Baba alikataa. Alisema ni vumbi la Gondar."

"Baba alikuwa na akili! Mama, kutu hii ndiyo cheti cha kuzaliwa cha bastola. Wanaokusanya vitu hivi, wazungu na hata Waafrika wenye pesa, wanalipia kutu. Ikisuguliwa, imekufa. Bastola ya kweli haing'ai. Ukiona inang'aa, hiyo ni ya jana."

Hayo, naomba mwandishi yeyote wa historia ayanukuu, yalikuwa kweli tupu. Shida ya Githinji katika habari hii yote ni kwamba alijua jambo moja, na alilijua vizuri mno.

"Sasa ni ngapi?" Kageha akauliza.

"Inategemea. Kuna bei ya soko na kuna bei ya bima. Bei ya soko ni ile utakayopewa ukiuza. Bei ya bima ni ile utakayoitaka ukilia."

"Mimi nipe ya kulia." Kageha alisogea karibu, akapunguza sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Mama wa nyumba namba kumi na saba, gari la mwanawe lilikatiwa bima ya laki sita. Ametuambia sisi wote. Ametuambia mpaka kwenye maombi. Yangu isiwe chini ya hapo, tafadhali."

"Laki sita?" Githinji alicheka kwa huruma. "Mama, hii ni milioni mbili na laki nne."

Kageha alikaa chini. Kisha akasimama, akaifunika bastola kwa foronya, kama aliyeiona ghafla iko uchi.

Sasa angalieni kazi ya mtu aliyezoea. Hakudai ada hata shilingi. Alisema kwa heshima ya koplo atafanya bure. Ila bastola ilibidi aondoke nayo siku mbili, ipimwe na mashine.

"Mashine ije hapa," Kageha alisema.

"Mama, ile mashine ni kubwa kama friji ya bucha."

"Basi acha kitu."

"Nakuachia kitambulisho changu."

"Kitambulisho nitakifanyia nini, nikipike? Acha elfu ishirini. Ukirudisha bastola, nakurudishia."

Watu wa magharibi mwa Kenya, kama Kageha, wana upole, lakini usije ukadhani upole huo hauna kufuli. Githinji alipigwa na butwaa kidogo, maana elfu ishirini ndiyo aliyokuwa nayo duniani, na ilikuwa kodi yake ya miezi miwili kule Komarock. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia Jumamosi ndiyo mwisho. Lakini alipiga hesabu: elfu ishirini kwa milioni mbili na ushee. Akatoa. Kageha akaandika kwenye karatasi ya daftari, *Nimechukua bastola moja na nitarudisha hiyo hiyo*, na Githinji akatia sahihi yake ndefu yenye mikia.

Akatoka Ziwani na mali ya milioni mbili ndani ya mfuko wa unga.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kuna fundi Kariobangi anaitwa Muasya, ambaye ukimpa kijiko na kipande cha bati atakutengenezea kijiko kingine, na hutajua kipi ulikuja nacho. Kazi yake ni milango, madirisha na majiko, lakini amewahi kutengenezea kanisa panga za maigizo ambazo wazee wa kanisa walizificha kwa hofu.

"Niaje, fundi," Githinji alisema, akiifungua foronya juu ya meza ya karakana.

Muasya aliitazama bastola, akarudi nyuma hatua mbili. "Buda, mimi nina watoto."

"Imezibwa, tazama. Ni ya makumbusho. Nataka nyingine kama hii, chuma kitupu, hata tundu isiwe nalo. Ya kuonyesha tu. Ifanane na hii kila kitu, kutu na yote. Alhamisi."

"Kutu nayo?"

"Kutu hasa."

"Kutu ni rahisi," Muasya alisema, na macho yakaanza kung'aa kama ya mtu aliyepewa mtihani anaoupenda. "Chumvi, siki na maji ya betri. Ikilala humo usiku mmoja, asubuhi ni babu yako."

Githinji akaenda zake. Alhamisi alasiri alirudi, lakini Muasya hakuwepo. Alikuwa ameitwa mtaa wa Umoja kufunga geti. Alikuwa ameacha mzigo kwa jirani wa kibanda cha pili, kijana mmoja mcheshi, mtanashati, mwenye akili nyingi kuliko biashara yake ya kava za simu. Jina lake si muhimu. Jirani akautoa mzigo. Ilikuwa foronya ile ile, na ndani bastola mbili.

Moja ilikuwa ya kahawia, imejaa kutu kila kona, vibao vyeusi. Nyingine iling'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Githinji alivitazama vitu hivyo viwili. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Muasya huyu!" alisema kwa uchungu. "Nilimwambia aweke kutu. Ona, ameshindwa. Imetoka mpya kabisa."

Jirani, kwa kuwa ni mtu wa heshima asiyejiingiza katika mambo ya wateja wa watu, hakusema neno. Mnisikie vizuri: hakusema neno. Githinji alichagua mwenyewe, kwa elimu yake mwenyewe. Ile ya kutu aliifunga kwenye sweta lake, akaiweka chini kabisa ya mkoba. Ile inayong'aa akairudisha kwenye foronya, na alipofika barabarani alikuwa tayari amepata maneno ya kumwambia Kageha.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Tumeifanyia usafi wa kitaalamu."

Kageha aliishika bastola hiyo jioni ile na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Uso wake ukaanguka.

"Si ulisema isisafishwe?"

"Isisafishwe na watu wa kawaida, mama. Mashine ni jambo jingine."

"Vumbi la Gondar limeenda wapi?"

"Limehifadhiwa kwenye kompyuta."

Akampa ripoti: kurasa tatu, mhuri mwekundu, milioni mbili na laki nne kwa tarakimu na kwa maneno. Alikuwa ameichapisha Jumatano kabla ya kuona kazi ya Muasya, na hakukumbuka kuisoma tena. Kageha alimkaribisha chai. Githinji alikataa chai, jambo ambalo peke yake lingetosha kumshtua mtu yeyote wa Ziwani.

"Na ile elfu ishirini, mama?"

"Niliiweka kwa mama mweka hazina wa chama chetu cha akina mama. Amesafiri. Njoo Jumatatu."

Jumatatu! Jumatatu Githinji alikuwa na hakika kwamba atakuwa Mombasa, au Dubai, au popote wanapokaa watu wenye milioni mbili. Akatabasamu. "Hamna shida, mama. Ninakuamini."

Ijumaa saa nne asubuhi alikuwa Buruburu, katika sebule ya mzee Munyoki. Huyu ni mkusanyaji kweli, mwenye leseni na kabati la vioo, mnene, mpole, anayezungumza polepole kama anayekutoza kwa neno. Githinji alilifungua sweta.

"Ya marehemu babu yangu," alisema. "Gondar, elfu moja mia tisa arobaini na moja."

Munyoki aliipima uzito mkononi. Akaitazama kwa kioo cha kukuzia. "Kutu nzuri," alisema.

"Ya asili."

"Inanuka siki."

"Babu alipenda kachumbari."

Munyoki akachukua bisibisi ndogo. "Namba muhimu huwa chini ya vibao," alisema, akafungua skrubu moja, akakiinua kibao cha mpini. Akasoma. Akavua miwani. Akasoma tena, safari hii kwa sauti, polepole:

"Sifuri, saba, mbili, mbili..."

"Ndiyo namba ya kiwanda," Githinji alisema haraka. "Waitaliano huanza na sifuri."

"...Muasya. Kariobangi. Milango, Madirisha, Jiko."

Mzee Munyoki hakukasirika. Alichukua simu yake, akabonyeza namba ile iliyopigwa kwenye chuma kilichodaiwa kuwa cha mwaka wa 1912, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Haloo, karibu!" ilikuwa sauti ya Muasya, na nyuma yake mtu akigonga chuma. "Niko Umoja nafunga geti, lakini jioni nipo."

"Fundi, nina bastola hapa. Ina namba yako."

"Eeh! Ile ya Githinji! Imependeza?"

"Imependeza sana. Kwa nini uliandika namba yako?"

"Mzee, kazi yangu yote ina namba. Geti lina namba, jiko lina namba. Mteja mwingine atanipataje? Na hata nilikuwa sijui niiweke wapi. Lakini nilipofungua ile ya kwanza kupima vibao, nikaona fundi wa zamani naye ameweka yake pale pale ndani. Namba kabisa, amekwaruza na msumari. Nikasema basi hapo ndipo mafundi wa bastola huweka. Nikaweka yangu pia."

Githinji alikuwa ameanza kupumua kwa mdomo. Akaisogelea simu. "Muasya! Ile ya kwanza ulifanya nini?"

"Aah, Githinji, uko hapo! Ile yako ya zamani nilikusugulia na brashi ya waya, nikapaka mafuta. Hiyo ni bure, usijali. Mteja akiniletea kitu cha kuigiza, siwezi kumrudishia chake kikiwa kichafu. Ndiyo kawaida yetu."

Na hii ni kweli kabisa. Nenda Kariobangi na kiatu kimoja kikashonwe kisigino, utarudishiwa kimepigwa rangi. Mpelekee mtu mkebe akupimie unga, ataurudisha umeoshwa. Githinji alizaliwa Eastlands, mitaa hii hii, amekulia humo, na hakuna mahali katika akili yake yote ya bei alipowahi kuweka nafasi ya kitu ambacho mtu anakufanyia bure.

Munyoki alirudisha skrubu mahali pake. "Kazi ya mkono ni nzuri," alisema. "Nakupa mia tano. Na huyo fundi nitamwita, geti langu linalia."

Githinji hakungoja mia tano. Saa ilikuwa tano kasoro. Alirukia bodaboda, na inasemekana tangu Buruburu hadi makumbusho alikuwa akimpiga mwendeshaji mgongoni kama punda.

Huko makumbusho, Kageha alikuwa ameketi mbele ya meza akiwa amevaa gauni la Pasaka. Ng'ambo ya meza alikuwa msimamizi wa maonyesho, dada mmoja mtulivu aitwaye Kawsar, na mikono yake ilikuwa ndani ya glavu nyeupe. Mbele yake kulikuwa na bastola inayong'aa na ripoti yenye mhuri mwekundu.

"Mama," Kawsar alikuwa akisema, "ripoti inasema bastola hii ina kutu ya asili isiyoguswa tangu 1941. Hii hapa naweza kujipaka wanja nikiitazama."

"Mthamini ndiye aliyeisafisha. Kwa mashine."

"Kwenye ukurasa wa tatu ameandika, *isisafishwe kamwe kwa hali yoyote*." Kawsar aliishusha karatasi taratibu. "Mama Mitchelle, naogopa kukwambia hivi. Nadhani umebadilishiwa. Siwezi kuweka jina la baba yako chini ya kitu ambacho sijui ni cha nani."

Kageha alianza kuikunja foronya, mara mbili, mara nne, hadi ikawa ndogo kama leso. Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa kishindo, Githinji akaingia, tai begani.

"Simamisheni! Kuna hitilafu ya kitaalamu! Naomba hiyo bastola nirudi nayo kwenye mashine!"

"Tena?" Kageha alisema. "Uirudishe ikiwa ya dhahabu?"

"Ni wewe Githinji mthamini?" Kawsar akauliza.

"Ndimi."

"Vizuri. Basi nisaidie jambo moja. Kama hii si ile uliyochukua kwa huyu mama, mimi napiga simu kituo cha polisi sasa hivi. Kama ndiyo hiyo hiyo, basi wewe umeiharibu kinyume cha maandishi yako mwenyewe. Ni ipi?"

Ndugu zangu, mtu anaweza kusema uongo miaka ishirini bila kutoka jasho, halafu siku moja ukweli ukamkaba koo. Githinji alitazama mlango. Alitazama bawabu aliyekuwa mlangoni, ambaye alikuwa na mabega.

"Ni yenyewe!" alipasuka. "Naapa! Ni yenyewe kabisa! Ya Gondar! Ya koplo!"

Hakuna aliyemwamini. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutaja kitu kwa thamani yake halisi, na watu watatu walimtazama kama anauza maji ya mvua kwa chupa.

"Fungueni vibao!" aliomba, karibu kulia. "Ndani kuna namba. Imekwaruzwa na msumari!"

Kageha akashtuka. "Namba gani? Vibao havijawahi kufunguliwa."

Kawsar alichukua bisibisi. Chini ya kibao, ambako brashi ya Muasya haikufika, kutu ilikuwa bado pale, ya kahawia, ya zamani, na ndani yake mikwaruzo ya mkono usiozoea kuandika. Akasoma tarakimu moja moja. Kageha hakungoja amalize. Alikuwa tayari ameitoa karatasi ya baba yake ya kuachishwa jeshi kutoka kwenye mkoba, na kidole chake kilikuwa kinafuata namba ya askari, tarakimu kwa tarakimu, hadi ya mwisho.

"Ni yeye," alisema. "Ni mwandiko wake. Ile saba yake, aliichora kama jembe."

Kawsar alivua glavu moja akamshika mkono.

Mthamini halisi wa makumbusho aliletwa wiki iliyofuata. Alisema kusuguliwa kumeishusha bei vibaya sana, lakini namba ya mwenyewe ndani ya mpini, pamoja na karatasi yake, ni kitu ambacho hajawahi kukiona. Akaandika laki sita na elfu hamsini. Mama wa nyumba namba kumi na saba aliarifiwa siku hiyo hiyo, kwenye maombi.

Na Githinji? Kabla ya kutoka makumbusho alijaribu, maana mtu ni mtu. "Mama, na ile elfu ishirini yangu?"

"Ipi?" Kageha alisema, akipangusa macho. "Ile ya kutu?"

"Ya kutu?"

"Kutu ya baba yangu uliyoifuta. Miaka themanini, kwa elfu ishirini. Nimekupunguzia sana, mwanangu. Wewe ndiye unayejua bei. Niambie kama nimekosea."

Githinji aliondoka mikono mitupu. Jumamosi mwenye nyumba alifunga mlango wake kwa kufuli lingine, na tangu hapo anaishi kwa dada yake kule Mukuru kwa Njenga, anapolala chini ya meza ya cherehani. Nasikia hathamini tena. Mtu akimwuliza bei ya kitu, hata nyanya, anasema, "Sijui, muulize mwenyewe."

Mimi nimeenda makumbusho nikaiona. Kadi ipo, jina lipo: *Koplo Patrobas*. Nilisimama pale nikacheka peke yangu hadi bawabu akanisogelea. Nilikuwa namfikiria Githinji na miwani yake. Mtu mzima! Amewekewa moja inang'aa na moja ina kutu, anashindwa kujiuliza hata swali moja: je, kama fundi amefanya kazi yake? Ingekuwa mimi, ningejua papo hapo. Kitu kama hicho hakihitaji elimu, kinahitaji

Samahani. Nimekatizwa. Naandika haya kwenye kibanda cha Nyawira, anayepika chapati mkabala na karakana ya Muasya, na kumbe muda wote huu amesimama nyuma yangu na unga mikononi, akisoma.

"'Hakusema neno,'" anasoma kwa sauti, ili na wateja wasikie. "'Kijana mtanashati, hakusema neno.' Wewe!"

"Nyawira, hiyo ni hadithi tu."

"Hadithi gani? Nilikuwa hapa hapa nasukuma chapati. Githinji alikuuliza, 'Buda, ipi ndiyo ya ukweli?' Na wewe ukasimama, ukaweka mkono kiunoni kama profesa, ukamwambia, 'Mzee, si hata mtoto anajua? Chukua ya kutu.' Akakupa mia mbili."

Wateja wamegeuka wote. Mmoja ameacha kutafuna.

"Na zile mia mbili," Nyawira anasema, akinifutia unga begani, "ulinunua chapati hapa, ukaniambia kwamba wewe kitu feki unakijua hata ukiwa umefumba macho."